Hiyo nyongeza ya senti 45, Mama

Leeds, 18 Januari 2026

Mama mpendwa,

Natumai hamjambo nyote hapo nyumbani. Mimi mzima, baridi ipo, kazi ipo. Kim, najua ni wewe unayesoma, maana miwani ya Mama bado haijatengenezwa. (Pesa za miwani nilituma Novemba. Tutaongea.) Soma kila neno, hata pale unapotajwa wewe.

Mama, nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unasema "sawa, sawa" halafu unampa mtu mwingine. Jumapili ile ulimpa Baba Mdogo. Sikuwa nimemaliza hata kumsalimu, akaanza, "Meneja! Meneja wetu!" Dakika mbili baadaye akataka elfu 60 za kumalizia ile ploti. Hapo nikajua habari ya cheo changu imeshatangazwa kanisani.

Sikulaumu. Ningekuwa wewe hata mimi ningesimama na kitambaa kipya nikatoa ushuhuda. Lakini mimi si meneja. Mimi ni kiongozi wa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na vyeo hivyo viwili vinatofautiana kama mwenye duka na anayeachiwa ufunguo wa duka. Ingawa ufunguo wenyewe ninao! Funguo za kabati la dawa hukaa kiunoni mwangu zamu nzima. Wazee 38 wanameza dawa kutoka mkononi mwangu, natia sahihi jina langu, na daktari akipigiwa usiku huniuliza mimi, "Wewe unaonaje?" Mimi, niliyekuwa nakosa shule siku gunia za viazi zikiingia kutoka Molo. Yule mwalimu wa fizikia aambiwe, kama bado yuko.

Sasa sikiliza habari ya pesa. Barua ya kunipandisha ilikuja Novemba, karatasi nzito, pongezi juu mpaka chini. Mshahara wa zamani ulikuwa pauni 12.60 kwa saa. Mpya, pauni 13.05. Senti 45 za huku, Mama. Nafanya saa 40 kwa wiki, kwa hiyo ni pauni 78 kwa mwezi. Serikali inachukua asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 ya bima ya taifa, zinabaki 56. Kim, usikimbilie kuzidisha, nimeshazidisha: ni kama elfu tisa na nusu za Kenya. Elfu tisa na nusu, kwa funguo, sahihi, lawama zote za usiku na wageni wa kufundishwa kazi. Kisha Baba Mdogo ananiomba 60.

Na hilo halikuwa baya zaidi. Mwezi huo huo serikali ya huku ikatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kitatoka pauni 12.21 hadi 12.71 kuanzia Aprili mwaka huu. Maana yake msichana atakayeanza kazi Aprili bila kujua hata kukunja shuka atapishana na mimi kwa senti 34 tu kwa saa. Nililia kidogo kwenye basi. Kidogo.

Siku hiyo nilitaka kwenda ofisini kupiga meza. Nashukuru sikwenda, maana sina ujanja wa kupiga meza. Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwa mwajiri. Nikiachana naye napewa kama siku 60 za kutafuta mwingine wa kunidhamini, na tangu Julai mwaka jana wamefunga mlango wa kuleta watunza wazee kutoka nje, kwa hiyo kila mtu ana wasiwasi na kila bosi anajua. Ukitishia kuondoka na hujui pa kwenda, wanasikia kelele tu.

Basi nikakukumbuka wewe pale soko la Wakulima. Mteja akisema nyanya zako ni ghali, wewe hubishani. Unamwekea moja mkononi, unaendelea kupanga zingine. Akishaishika na kuigeuza, ameshanunua, kinachobaki ni bei. Nikajiuliza, hawa wameshika nini changu?

Nikanunua daftari. Wiki nne, kila zamu, niliandika nilichofanya ambacho hakikuwa kazi yangu ya zamani: dawa nilizogawa, mipango ya kutunza wazee niliyoiandika upya, usiku nilioitwa nikiwa nyumbani, wageni watatu niliowafundisha. Siku za mapumziko nikatazama matangazo ya kazi ya nyumba nyingine za wazee ninazoweza kufika kwa basi. Viongozi wa zamu walikuwa wanapewa kuanzia 13.60 hadi 14.20. Nikanakili, pamoja na tarehe.

Halafu nikaomba kikao. Sikumkamata bosi kwenye ukumbi akiwa na kikombe mkononi, kama wanavyofanya wenzangu halafu wanaambiwa "nitaangalia". Niliandika ujumbe: naomba nusu saa, nizungumzie mshahara wa cheo changu. Akanipa Alhamisi. Nilivaa lile koti la kijani (Mama, hilo koti! Nitatuma picha).

Nikamshukuru kwa cheo, nikafungua daftari, nikasoma. Sikutaja kodi ya nyumba, sikutaja karo ya Kim, sikutaja ninyi hata kidogo. Shida zangu hazimhusu, kama vile mteja wako hajali ulikopa wapi nauli ya kutoka Molo. Nikamwonyesha matangazo, nikamwambia na hesabu ya Aprili. Nikasema, "Naomba pauni 14." Halafu nikanyamaza.

Mama, kunyamaza kule! Saa ya ukutani nilikuwa naisikia. Mdomo ulinikuna niseme "lakini hata 13.50 ni sawa". Nikauma ulimi. Akasema bajeti ya mwaka imeshafungwa. Nikamuuliza inafunguliwa lini. Akasema Aprili. Nikamuuliza, je, kwa sasa anaweza nini? Hapo ndipo aliposhika kikokotoo.

Tumekubaliana 13.70 kuanzia Februari. Watanilipia masomo ya stashahada ya daraja la 3 ya utunzaji wa watu wazima, nitasoma ndani ya saa za kazi. Mshahara utaangaliwa tena Septemba. Miezi ya nyuma wamekataa kulipa, hilo limeniuma na bado linaniuma. Jioni hiyo hiyo nilimwandikia nikiyarudia yote, nikaomba athibitishe. Alijibu asubuhi. Ninayo.

Kwa hiyo nyongeza yote, kodi ikishatoka, ni kama elfu 23 zenu kwa mwezi. Si laki, Mama. Yeyote anayesema laki, mwambie aje ashike zamu ya usiku.

Nimeshazigawa. Karo ya Kim pale Chuo Kikuu cha Egerton inaendelea kama kawaida, lakini Kim, nataka kuona matokeo, si picha zako ukiwa Njoro na miwani ya jua. Kibanda chako, Mama, kiezekwe kabla ya mvua ya Machi, na fundi alipwe akimaliza. Ploti ya Kiamunyi, hapana. Nilituma laki mbili mwaka 2024, mpaka leo sijaona hatimiliki wala mawe ya mpaka, naona tu picha ya nyasi. Nyasi hata huku zipo. Baba Mdogo akinionyesha karatasi yenye jina langu, tutazungumza. Nasema hivi kwa heshima, ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege.

Watu bado wananiita "yule wa London". Waambie London ninayoijua ni ule mtaa wa kwetu hapo Nakuru, ambako upepo ukigeuka tunanusa jaa la taka la Gioto na kufunga madirisha. Jana usiku mzee mmoja aliniuliza kwetu kunanukiaje. Nikamwambia viazi vilivyotoka shambani, vikiwa na udongo. Sikumwambia kuhusu Gioto. Nikaenda kuhesabu dawa.

Msalimie Shosho, na watu wa kwaya. Kim, ukimaliza kusoma usiiache barua hii juu ya meza. Baba Mdogo hupita hapo Jumapili.

Ni mimi binti yako,
Njeri