Kabla ya kuhamia ofisi ya pamoja, uliza mlango uko wapi

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyochapa kuhusu ofisi za pamoja, yaani kumbi ambamo watu wa biashara mbalimbali hulipia meza na kutumia vifaa kwa kushirikiana, ile iliyosema kwamba mjasiriamali anayefunga mkataba wa pango siku hizi anatupa fedha zake. Mwandishi alijumlisha kodi, umeme, intaneti na samani, akaonyesha kwamba meza ya kulipia kwa mwezi ni nafuu. Hesabu zake sina ugomvi nazo. Mimi ni mhasibu, natunza vitabu vya biashara ndogo ndogo na kuandaa mishahara ya wafanyakazi wao, na hesabu hizo hizo nilizipiga mwenyewe kabla sijahama. Nilikaa ofisi ya pamoja miezi 14. Yako mambo mawili ambayo sikuyatafutia safu kwenye karatasi yangu, na ndiyo yaliyonitoa.

Kwanza niiseme haki yake. Kabla ya hapo nilikuwa na chumba changu ghorofa ya tatu kwa miaka sita, na ziko siku nilizofunga mlango jioni sijazungumza na mtu ila kwa simu. Ofisi ya pamoja iliniondolea upweke huo ndani ya wiki moja. Nilikaa meza moja na mchoraji wa ramani za majengo na kijana anayetengeneza programu za simu. Kijana yule aliniona nikihamisha miamala ya benki kwa mkono, mstari kwa mstari, akaniandikia fomula iliyofanya kazi ya siku mbili iishe asubuhi moja. Hakunidai chochote. Wateja wangu wawili nilionao mpaka leo nilikutana nao pale pale, kwenye foleni ya printa. Brad Neuberg, mtengeneza programu wa Marekani, alipoanzisha ofisi ya namna hii San Francisco mwaka 2005, alikuwa anatafuta hicho hasa: mtu ajitegemee, lakini asikose wenzake wa kazi. Kwa hilo alikuwa sahihi, nami ni shahidi.

Sasa nirudi kwenye printa hiyo. Jumanne moja ya mwisho wa mwezi nilituma orodha ya mishahara ya mteja ichapwe: kurasa tatu, majina ya watu 21, mshahara wa kila mmoja, makato ya mikopo, na mmoja wao akikatwa kwa amri ya mahakama kwa ajili ya matunzo ya mtoto. Simu ikaita. Nikatoka nje kuipokea, maana vibanda vya simu vilikuwa viwili tu na vyote vilikuwa na watu. Niliporudi nikakuta kurasa mbili kwenye trei. Ya tatu aliniletea dada mmoja wa kampuni ya matangazo, ameishika maandishi yakitazama chini, akaniambia kwa upole, "Samahani dada, ilijichanganya na za kwangu. Sijaisoma."

Namwamini. Lakini karatasi ile ilikuwa na mkunjo katikati, na kwenye kona ya juu palikuwa na vitundu viwili vya pini ya stepla. Ilikuwa imeshabanwa pamoja na karatasi zake, ikaenda mpaka kwenye meza ya mkutano, ndipo ikarudi. Nilimpigia mteja siku ile ile nikamweleza. Aliniuliza swali moja: nani mwingine ameiona? Nilibaki kimya na simu sikioni.

Najua dawa zipo. Printa nyingi zinaweza kushikilia kazi mpaka usimame mbele yake na kuingiza namba ya siri. Kioo cha kompyuta unaweza kukibandika utando unaomzuia wa pembeni kusoma, na mawasiliano yako ya intaneti unaweza kuyafunga kwa usimbaji, yaani kuyageuza yasisomeke na mtu mwingine. Yote hayo niliyafanya baadaye. Kisichokuwa na dawa ni sauti. Mteja akinipigia kuuliza kwa nini fulani amelipwa pungufu, lazima nilitaje jina na lazima niitaje sababu, na pembeni yangu kuna watu wanne wasio na dhamana yoyote kwangu wala kwa huyo fulani. Aliyetajwa hakuulizwa kama ameridhia hesabu zake zifanyiwe kazi ukumbini. Jambo hili liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu wafanyakazi hawa siwajui kwa sura, na wao hawajui kama nipo.

Nisidanganye kwamba ofisi ya kawaida ina kinga kwa sababu tu ni ya kampuni moja. Nyingi zimebomoa kuta zao zenyewe, kwa hoja kwamba watu watazungumza zaidi. Watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walifuatilia makao makuu ya kampuni mbili zilizofanya hivyo, wakawavisha wafanyakazi vifaa vya kupima nani anaongea na nani. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takribani asilimia 70, huku barua pepe zikiongezeka. Binafsi sikushangaa. Mtu asiye na mahali pa kujifungia hujifungia kwa vipokea sauti masikioni, nasi kwenye meza yetu tulifika hapo: yule mchoraji, mtu mcheshi kabisa, tulikuwa tunaandikiana ujumbe ilhali viwiko vyetu vinakaribia kugusana.

Jambo la pili ni karatasi niliyoikubali. Kwa chumba changu cha zamani nilisaini mkataba wa pango, mrefu, wenye kipengele cha matengenezo kilichonigharimu zaidi ya mara moja. Kwa ofisi ya pamoja nilijaza fomu ya uanachama kwenye simu nikiwa nimesimama, nikabonyeza nakubali. Nilikuja kuisoma mwezi wa kumi na tatu, nilipolazimika. Kumbe sikupanga chochote. Nilipewa ruhusa ya kutumia meza, na ruhusa hiyo mwendeshaji wa ofisi anaweza kuiondoa kwa notisi fupi. Mpangaji ana haki juu ya chumba mpaka muda wake uishe, hata mwenye nyumba akibadilisha mawazo. Mimi nilikuwa mgeni wa mpangaji, kwa sababu mwendeshaji wa ofisi naye alikuwa amekodi ghorofa ile kwa mtu mwingine.

Hapo ndipo udhaifu wa biashara hii ulipo. Mwendeshaji anajifunga kwa miaka mingi kwa mwenye jengo, kisha anauza nafasi kwa mwezi mmoja mmoja. WeWork, kampuni ya ofisi za pamoja iliyoanzia New York mwaka 2010, ilithaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa mwaka 2019. Novemba 2023 ilikuwa mahakamani Marekani ikiomba kulindwa dhidi ya wadai wake. UVIKO-19 ilipowabakiza watu majumbani, wateja waliweza kuacha kulipa, lakini kodi za majengo zilibaki pale pale. Kwetu haikufika mahakamani. Ilikuja barua pepe Ijumaa jioni kwamba ghorofa inafungwa baada ya siku 30. Anuani ile nilikuwa nimeiandikisha mamlaka ya kodi, benki, na kwenye ankara za wateja 17. Mwezi wangu wa mwisho pale niliumaliza nikibadilisha anuani.

Anayeanza leo, asiyejua kama mwakani atakuwa na wafanyakazi watano au atakuwa amefunga, simshauri ajifunge mkataba wa miaka mitatu na kuweka amana. Biashara ikifa, deni la pango linabaki hai, na wateja waliofika hapo nimewaona. Aende ofisi ya pamoja kwa amani. Ila anayeshika siri za watu, awe mhasibu, wakili au mshauri nasaha, kabla ya kuuliza bei aombe aonyeshwe chumba chenye mlango, aombe kujua mwendeshaji amebakiza muda gani kwenye mkataba wake na mwenye jengo, na fomu aisome akiwa ameketi.

Ombi langu kwenu, Mhariri: mtakapoandika tena, mwambieni mwandishi achape vile vipengele vya fomu ya uanachama vinavyohusu notisi na anuani, neno kwa neno kama vilivyo kwenye fomu, pembeni ya jedwali la bei.

Mimi nimerudi kwenye chumba kidogo, chenye bomba linalovuja ambalo ni juu yangu kulitengeneza. Kila Alhamisi nalipia siku moja ofisi ya pamoja nyingine, kwa ajili ya kukaa na watu, na nabeba kazi zisizo na majina ya mtu. Orodha za mishahara zinabaki kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhasibu wa biashara ndogo ndogo