Kuhusu lile gitaa linalolia

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo, watoto wazima, ila joto limetushika pabaya. Mtu anaoga, anajifuta, kabla hajavaa ameshalowa tena. Nyie Dodoma najua jioni mnajitanda mitandio, basi msituringie.

Ile sauti uliyonirushia WhatsApp niliifungua ndani ya mwendokasi, ikabidi niizime maana abiria wa pembeni alishaanza kucheka pamoja nawe. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: lile gitaa linalolia, la kutelezesha kidude juu ya nyuzi, linapigwaje, kile kidude cha kuvaa kidoleni ukiagize wapi, na wazee wa kanisa watasemaje wakikuona nalo. Naanza na wazee, maana hao ndio wepesi.

Waambie hivi. Mwaka 1927, mjini Dallas, mwimbaji kipofu wa nyimbo za Injili, Blind Willie Johnson, alirekodi wimbo usio na neno hata moja. Ananguruma tu kooni, gitaa linamjibu, linateleza toka sauti hadi sauti. Mwaka 1977 Wamarekani waliporusha vyombo vya Voyager kwenda anga za mbali, walipakia humo santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, na wimbo huo umo. Isitoshe, kuna makanisa ya House of God hukohuko Marekani ambako tangu miaka ya 1930 gitaa la namna hii, lile la kulaza mapajani, ndilo linalobeba sifa pale ambapo kwetu kingekaa kinanda. Kwenye baa nako limepigwa sana, sikatai. Lakini anayesema ni chombo cha baa peke yake hajasikiliza vya kutosha.

Mwanzo wake nao si wa mahali pamoja. Wahawaii wanamtaja Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu aliyeanza kuteleza chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa miaka ya 1880. Kule Mississippi, Marekani, W. C. Handy, mtunzi wa blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, alisimulia kwamba mwaka 1903, akisubiri treni stesheni ya Tutwiler, alimwona mtu akikandamiza kisu kwenye nyuzi za gitaa huku akiimba. Na wewe uko Ugogoni, shoga, usiende mbali: sikiliza zeze. Sikiliza hayati Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo. Shingo ya zeze haina freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa; kidole ndicho kinachoitafuta sauti, na sikio ndilo linalosema "hapo hapo, simama". Ukilielewa zeze, nusu ya kazi umeimaliza kabla hujagusa gitaa.

Sasa kidude. Usiagize popote. Wapigaji wanakiita slaidi, na ni kibomba tu, urefu kama sentimita sita, kinachoingia kidoleni bila kubana wala kuchezacheza. Yangu ni ya kopa. Nilimfuata fundi wa viyoyozi kule Gerezani, nikamwomba kipande cha bomba la robo tatu kilichomsalia, akanikatia na kusugua ncha kwa tupa mpaka zikawa laini. Hilo la ncha usilidharau, kwani ikibaki na makali itakukata kidole na kuzikwaruza nyuzi. Wapo wanaopendelea kioo. Duane Allman, mpigaji wa Marekani, alipigia kichupa cha dawa ya mafua. Lowell George, Mmarekani mwenzake, yeye alichukua spana ya boksi ya kufungulia plagi za gari, akapiga nayo. Chuma hulia kwa ukali, kioo hulainisha. Ila usije ukajaribu kukata chupa ya soda nyumbani kwa zile mbinu za uzi na mafuta ya taa wanazozionyesha kwenye simu. Una watoto wadogo, na vidole vyako tunavihitaji.

Ivae kidole cha mwisho. Wengi huvaa cha pete nao wananishinda kwa mbali, lakini wewe unasindikiza kwaya, na kidole cha mwisho kinakuachia vitatu vya kushikia kodi zako za kila Jumapili (zile sauti kadhaa zinazolia pamoja, si za serikali).

Gitaa lako la mbao linafaa, mradi nyuzi ni za chuma. Za nailoni zinakufa sauti haraka, utahangaika bure. Weka seti nene kidogo, ile ambayo uzi mwembamba una unene wa inchi 0.012 au 0.013, kwa sababu tutazilegeza, na nyuzi nyembamba zikilegezwa slaidi inagonga freti. Kuna fundi atakwambia anaweza kuinua nyuzi kwa kipande kidogo chini ya ule mfupa wa kichwani mwa gitaa. Sawa, hilo linarudishika. Akikwambia anataka kuchonga daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa tumboni, chukua gitaa lako uondoke.

Tuje kwenye kutyuni, yaani kupanga sauti za nyuzi, na hapa ndipo wewe mwanakwaya unapotuacha sisi wengine. Tunataka gitaa likipigwa wazi, bila kushika kitu, litoe kodi kamili ya D. Uzi wa sita, ule mnene, ushushe toka E hadi D. Wa tano na wa nne usiwaguse. Wa tatu ushushe nusu sauti, toka G hadi F kali (F#). Wa pili toka B hadi A, na wa kwanza toka E hadi D. Programu yoyote ya kutyunia kwenye simu itakuonyesha. Ukimaliza, pitisha kidole toka uzi mnene hadi mwembamba uimbe: do, so, do, mi, so, do. Umesikia? Gitaa zima limekuwa sauti tatu za kwaya. Kuna wanaotyuni E badala ya D kwa mpangilio uleule, lakini hapo nyuzi zinakazwa badala ya kulegezwa, na sioni sababu ya kulitesa gitaa la mbao hivyo.

Acha nyuzi tano. Kaa na wa kwanza peke yake. Ukiwa wazi ni do. Freti ya 2 ni re, ya 4 mi, ya 5 fa, ya 7 so, ya 9 la, ya 11 ti, na ya 12 do ya juu. Daftari lako lote la tonikisolfa limelala kwenye uzi mmoja. Chukua tenzi unayoijua usingizini, isiyoruka sauti kwa mbali, uiimbe kwanza kwa do re mi, ndipo uitafute kwa slaidi. Watu wengi wanaanza kwa kuiga vijipande vya haraka walivyovisikia kwa wapigaji wa blues, na wanaishia kujua vijipande vinne visivyoungana na chochote. Mimi nasema wimbo kwanza. Kama huwezi kuiimba sauti, slaidi haitakupa, kwa sababu haina freti ya kukusahihisha.

Kuna mambo ya mkono ambayo ni lazima niyaandike, maana kwenye simu tutaishia kucheka. La kwanza, usibonyeze. Slaidi inalala juu ya uzi kwa uzito wake tu. Ukisikia ko-ko-ko ujue unagonga freti. La pili, sauti haiko nyuma ya freti pale ulipozoea kubonyeza. Iko juu kabisa ya kile kichuma cha freti. Na macho yatakudanganya, kwani ulipokaa unaliangalia gitaa kwa upande, utaona umefika kumbe bado. Liamini sikio. La tatu, slaidi isimame sambamba na freti. Ukianza kugusa nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, ikiinama kidogo tu, uzi mmoja unakuwa juu na mwingine chini, na kwaya nzima itageuka kukutazama.

Halafu kuzima. Hili ndilo linalotenganisha muziki na kelele, na ndilo linalonichukua muda mrefu kuliko yote. Nyuma ya slaidi, upande wa kichwa cha gitaa, laza kidole cha shahada na cha kati juu ya nyuzi, taratibu, bila kubonyeza. Visipokuwepo, kipande cha uzi kilichobaki nyuma kinalia chenyewe sauti isiyohusika. Mkono wa kulia nao unafanya kazi yake: uzi usiopigwa unafunikwa na kidole au na ubavu wa kiganja. Achana na kipande cha plastiki cha kupigia, tumia vidole vitupu. Bila kuzima, gitaa linalia kama paka wa Feri wanaogombea kichwa cha samaki. Jirani yangu wa chumba cha pili ana maoni yake kuhusu hilo na ameyatoa kwa sauti.

Ule mtetemo wa mwisho wa sauti, ulioupenda, uache kwanza. Fika kwenye sauti, tulia, ikae sawa, ndipo uyumbe kidogo mbele na nyuma, taratibu, ukipita katikati kila mara. Anayetetemesha kila sauti tangu mwanzo anaficha kwamba hajui ilipo. Tunawajua waimbaji wa namna hiyo, mimi na wewe, na majina hatutaji.

Uzi mmoja ukikubali, rudi kwenye sita zote. Wazi ni kodi ya do. Slaidi ikilala nyuzi zote freti ya 5, ni kodi ya fa. Freti ya 7, kodi ya so. Ya 12, do tena. Hesabu mwenyewe ni tenzi ngapi zinataka zaidi ya hizo tatu. Kwaya ikiimba kwa G, do yako inahamia freti ya 5, fa ya 10, na so ni nyuzi wazi au ya 12. Nyimbo za huzuni zitakusumbua, kwa sababu gitaa lote limeshapangwa kwa mi ya furaha. Hapo ruka uzi wa tatu, uliobeba hiyo mi, ucheze na zilizobaki ambazo ni do na so tupu. Mwimbaji ataijaza mi yake mwenyewe.

Na kama gitaa ni la kwaya, na yule kijana wa ridhimu ananuna ukigusa tyuni yake, liache kama lilivyo. Nyuzi za 4, 3 na 2 kwenye tyuni ya kawaida ni D, G, B, yaani so, do, mi ya G. Lalisha slaidi hapo tu, freti ya 5 utapata C, ya 7 utapata D. Ni shamba dogo lakini linalimika.

Ukitaka kusikia Mwafrika aliyelifanya la kwao kabisa, mtafute King Sunny Adé wa Nigeria, nyimbo zake za mwanzo wa miaka ya 1980. Gitaa la kutelezesha chuma linapita juu ya ngoma zile, wala halisikiki kigeni. Nasubiri siku mtu atafanya hivyo na dansi letu. Ukiniuliza, solo za zamani za dansi zilikuwa zinaomba slaidi, ziliikosa tu.

Mdogo wangu anapanda treni ya SGR Alhamisi. Nimempa kipande cha pili cha bomba, kiko kwenye bahasha pamoja na madaftari ya Neema. Kikibana, kipitishe tupa kwa ndani au umrudishie, nitamtafuta fundi anikatie kikubwa zaidi. Ukianza nirushie ubeti mmoja, si wimbo mzima, na usirekodi jikoni maana feni yenu nimeisikia. Msalimie Baba Neema, mwambie lile deni la kanga bado nalikumbuka.

Shoga yako,
wa Keko