Lekcha zilihamia mtandaoni, mshauri nasaha je?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) watangaze korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020 tumeongea weee kuhusu barakoa na chanjo, ila wanafunzi wa vyuo vikuu walivyoumia akilini tunapita juu juu tu. WHO hao hao walisema mwaka 2022 kwamba ule mwaka wa kwanza wasiwasi na sonona (ile huzuni nzito isiyoisha) viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana ni kati ya walioumia zaidi.

Kilichotokea tunakijua, vyuo vikafungwa, baada ya muda lekcha zikahamia Zoom, mitihani nayo vyuo vingine ikahamia huko, ila ofisi ya ushauri nasaha ikapigwa kufuli na mlangoni ikabandikwa namba ya simu ya mezani, yaani simu inaita ndani ya chumba ambacho hakina mtu!

Anayeweza kuona mapema kwamba mwanafunzi anaumia ni mhadhiri. Jina lipo kwenye skrini, kamera imezimwa, ukiuliza swali kimya, kazi inaanza kutumwa saa tisa usiku, baadae haitumwi kabisa, na sisi tunasema huyu mvivu. Sawa, mwingine ni bando limeisha kweli, lakini mwingine usiku na mchana vimeshageuka, hali chakula, hapati usingizi, na nyumbani analala chumba kimoja na wadogo zake kwahiyo hata mshauri akimpigia hawezi kufunguka manake kila mtu anasikia. Ndio maana mimi naona ushauri wa kuchati kwa meseji usidharauliwe, kijana ataandika kile ambacho hawezi kukitamka mbele ya familia.

Mwanafunzi akipotea darasani mtandaoni apigiwe simu, na asianze kuulizwa asaimenti iko wapi. Anayetaka kuahirisha semista asizungushwe. Na akisema amechoka kuishi jamani asiambiwe ajikaze, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua (kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo, watu wengi wanaogopa bure), asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mipango hii iandikwe sasa hivi vyuo vikiwa wazi, manake likija janga lingine wakuu wa vyuo watapata muda wa kusaini barua ya kufunga mageti tu.

Mhadhiri, jina ninalo