Wahubiri, msiruke Walawi 5

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Tukuyu, tena mjumbe wa baraza la kata tunaposuluhisha migogoro ya mashamba. Kila Pasaka ikikaribia nasikia mahubiri yale yale ya Walawi 16: Haruni anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi, anaungama maovu ya Israeli, mbuzi anaenda nayo jangwani. Hapo tunarukia Isaya 53, kisha Petro: alizichukua dhambi zetu katika mwili wake juu ya mti. Sina ubishi, ndiyo imani yangu.

Ila kabla ya mbuzi huyo, kitabu hicho hicho kina mtu anayebeba mwenyewe. Sura ya 5, mstari wa kwanza: aliyeona au kujua jambo, akasikia kiapo cha kuita mashahidi, akanyamaza, atauchukua uovu wake. Anayesemwa hapo si mwizi. Ni jirani.

Majirani hao nawajua. Juzi tulikwenda kukagua shamba la mjane ambaye shemeji zake wamesogeza mpaka. Mfereji mpya, udongo bado mbichi, na migomba aliyoipanda marehemu imebaki ng'ambo. Wanaume wa kitongoji wamesimama na miavuli yao (mvua za huku mnazijua), kila ukiuliza: "Sisi hatuingilii mambo ya ukoo." Watatu kati yao ni wanakwaya.

Mmoja akanivuta pembeni: "Mzee, Yesu si alishabeba yote?" Sawa, lakini hata Walawi haikumwacha shahidi bubu apite kimya kimya. Mstari wa 5 unamtaka kwanza aungame alilokosa, ndipo alete mwanakondoo au mbuzi jike. Hana? Njiwa wawili. Hata hao hana? Sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha kale cha nafaka) ya unga mwembamba, bila mafuta wala ubani. Bei ilishushwa mpaka ikamfikia fukara wa mwisho. Sharti la kufungua mdomo halikushushwa kwa yeyote. Anayetaka msalaba umsaidie kunyamaza huku mjane analala njaa, anionyeshe aya.

Shauri linarudi barazani baada ya mavuno ya mahindi. Mwalimu wa kwaya, jina lako silitaji, njoo na watu wako watatu.

Mzee wa kanisa,
Tukuyu, Rungwe