Vichekesho vya zamani havikuwa makelele matupu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba sisi tunaosifu vichekesho vya televisheni vya Kimarekani vya miaka ya sabini tunasifu ujana wetu tu, na kwamba vyenyewe ni makelele na kurukaruka. Hilo la ujana nimempa, achukue. Hilo la makelele naomba nafasi nimjibu, maana nahisi kaviona pale pale nilipovikuta mie hivi karibuni, kwenye simu ya mjukuu. Kipande cha sekunde kumi: kijana mwembamba kama fito, kofia kichwani, anapiga ukelele wa neno moja, watu wanaangua kicheko, kipande kimekwisha.

Kijana huyo ni J.J. wa "Good Times", aliyechezwa na Jimmie Walker. Mchezo ulianza 1974 ukamalizika 1979. Mie niliujua mwaka 1986, kaka yangu baharia aliporudi kutoka Dubai na deki ya video na mfuko wa kanda. Seti ya kutazamia haikuwa ajabu kwetu, kwani Zanzibar tulianza televisheni, tena ya rangi, tangu 1973, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994. (Wajukuu wakinisikia nasema hivi huguna. Nitasema tena.) Kanda nyingi zilikuwa za ngumi na za Kihindi, zikaazimwa zikapotea mtaani. Tatu zilibaki kwa kuwa hakuna aliyezitaka, na ndizo za mchezo huo.

Sisi tunakaa Michenzani, yale majumba marefu ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa ya nne, tangu mie mtoto. Picha ya mwanzo tu ya mchezo, majumba marefu ya Chicago yenye madirisha kama masega ya nyuki, mama yangu akauliza, "Hapo Michenzani ya wapi?" Nikamwambia ni Marekani. Akatazama kidogo, akauliza tena, "Na wao maji hayapandi?" Kwao kilichokuwa kibovu kila siku ni lifti. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, maana jioni ile ile alikuwa kapanda na ndoo.

Basi kuanzia hapo akawa hataki kukosa. Kiingereza hakukijua, mie ndiye mkalimani, na mara nyingi aliniambia ninyamaze kwa kuwa kashafahamu. Kuna baba, James, leo ana kazi mbili, kesho hana hata moja. Kuna mama, Florida. Watoto watatu, J.J., Thelma na Michael. Na jirani Willona anayeingia bila hodi na habari za watu mkononi. Willona sina haja ya kumweleza kwa msomaji yeyote wa Ng'ambo, kila ngazi anaye wake. Kodi imefika, pesa hakuna, baba kanuna, na humo humo watu wanacheka. Lakini angalia vizuri wanacheka nini. Hawamcheki James kwa kuwa hana kitu. Wanachekea jinsi anavyojitutumua mbele ya wanawe asionekane hana.

Hilo halikuja kwa bahati, na hapa ndipo mwandishi yule kapitwa. Esther Rolle, aliyecheza Florida, alianza kama mtumishi wa ndani katika mchezo mwingine uitwao "Maude". Akapendwa, akaambiwa atapewa mchezo wake mwenyewe, mama na watoto. Akakataa. Alitaka mume ndani ya nyumba, hakutaka familia ya watu weusi ionyeshwe haina baba, na aliposhikilia ndipo akaja John Amos. Tena nilipokuja kujua umri wao nilicheka peke yangu. Rolle alizaliwa 1920 na Amos 1939, mke kamzidi mume miaka kumi na tisa. Na Walker alizaliwa 1947, baba kamzidi mwanawe miaka saba na kitu! Lakini James akimkazia macho J.J., wewe mtazamaji ndiye unayekaa vizuri kwenye kiti.

Sasa, ule ukelele. Watazamaji waliupenda, na kila ulivyopendwa waandishi walizidi kumpa J.J. upuuzi, na wazazi wakazidi kusukumwa pembeni. Rolle na Amos wote wawili walilalamika waziwazi kwamba kijana mweusi anafanywa kinyago. Amos aligombana na waandishi juu ya maandishi mpaka akaondolewa, na mwaka 1976 James akauliwa katika hadithi. Rolle naye akaondoka 1977, akarudi msimu wa mwisho. Kwa hiyo mwandishi wetu anapokasirikia makelele, hajui kwamba yuko upande mmoja na waigizaji wenyewe. Wao walimtangulia kukasirika kwa miaka hamsini.

Kanda yetu ya tatu ndiyo iliyokuwa na kifo hicho. Familia inafunga vitu ihamie Mississippi, baba katangulia kupata kazi, inakuja telegramu: gari, ajali, hayupo. Baada ya maziko nyumba imejaa watu, na Florida anawakaribisha, anatabasamu, anapitisha chakula. Mama alikasirika. Baba yetu alikuwa keshafariki, na yeye miezi minne na siku kumi yake aliikaa yote. "Mwanamke huyu eda hakai?" Nikamwambia kwao hakuna eda. "Itamkalisha," akasema. Wageni wakaondoka. Florida akabaki na vyombo, akanyanyua bakuli kubwa la kioo, akalipiga chini kwa nguvu zake zote, ndipo kilio kikatoka. Sikutafsiri. Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Haya. Sasa kaingia eda." Akaenda kutia udhu.

Mie nimeona sinema nyingi toka siku hiyo, na sikumbuki nyingine iliyomfanya mama aseme kitu kama hicho. Wala si kwamba napenda kila kilichotoka wakati ule. "The Brady Bunch" kwa mfano nilikuja kukitazama kwa kuwa kinasifiwa, na sikuona. Nyumba kubwa, mtumishi yupo, watoto sita meno meupe, na moja ya misiba yao mikubwa ni mpira uliovunja chombo cha maua. "The Jeffersons", cha familia nyeusi iliyotajirika ikahamia majumba ya matajiri, afadhali, kina mdomo, na Isabel Sanford alistahili ile tuzo ya televisheni ya Kimarekani, Emmy, ya 1981, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa nafasi kuu ya vichekesho. Na anayeimba wimbo wake wa kufungulia ni Ja'Net DuBois, yule yule Willona. Jirani kamfuata mtu mpaka alikohamia.

John Amos alifariki Agosti 2024, ana miaka 84. Nilimwonyesha mjukuu picha yake, akaniuliza, "Huyu nani?" Ukelele anaujua, baba wa nyumba hamjui. Nikamkalisha, tukatazama kipindi kizima, dakika ishirini na kitu, simu nimeikalia mie. Alicheka kwa James kabla hajacheka kwa J.J.

Ombi langu kwako Mhariri, na kwa wenye kurekodi michezo hapa kwetu. Vile vilikuwa vitu vya gharama ndogo kwa namna yake: sebule moja, mlango mmoja wa kuingilia jirani, kamera chache, na watazamaji wamekaa pale pale wakicheka kweli. Sisi leo tukitaka kuchekesha tunamvika mtu nguo zilizopasuka, tunampaka masizi, anaanguka. Majumba ya Michenzani yana nusu karne ya ndoo, ngazi, kodi, harusi na tanga, na kila mlango una mzee anayejitutumua mbele ya wanawe. Mwacheni mwigizaji naye aseme, kama Rolle, "Mume wangu yuko wapi katika maandishi haya?"

Na kama sebule ndiyo inayokosekana, yangu ipo. Ghorofa ya nne, kulia. Waje na maji yao.

Fundi cherehani mstaafu,
Michenzani, Unguja