Walimvua ile C bila hata kumwita

Shangazi, shikamoo.

Saa kumi ya alfajiri na bado niko macho. Mwanangu anacheza hoki ya barafu, ligi ya vijana; ameomba kuhamishwa timu, na siku tatu baadaye wamemvua unahodha. Hawakumwita kumwambia. Alikuta jezi imetundikwa chumbani mwao, haina ile C, herufi ya nahodha. Mimi niliiona nikiwa nyuma ya kioo wakati wanapasha misuli: upande wa kushoto wa kifua kitambaa kimebaki cheupe kuliko kwingine, na vitundu vya sindano vimezunguka pale pale, mtu bado anaisoma ile herufi. Si wangempa jezi mpya basi?

Sikuandikii kumtetea mwanangu. Ila ujue hakuomba kwa jeuri. Misimu miwili iliyopita alicheza senta. Mwaka huu kocha akamsogeza winga. Asiyeujua mchezo ataona ni hatua chache tu pembeni, lakini wewe unaelewa. Senta ndiye anayegombea paki, kile kisahani tunachochezea, duarani mchezo unapoanzishwa, ndiye anayerudi chini kabisa kuwasaidia mabeki mbele ya goli letu, na hiyo ndiyo kazi maskauti, wasaka vipaji, wanayoiandika daftarini. Winga yuko juu, ubavuni mwa ukuta, anasubiri pasi. Na huu ndio mwaka wake wa drafti, klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa, zinapochagua vijana. Orodha ya katikati ya msimu ya NHL Central Scouting, ofisi ya ligi hiyo inayopanga vijana kwa ubora, hutoka Januari, na watakuwa wamemtazama akifanya kazi isiyo yake.

Mpinzani mmoja akitolewa kwa adhabu, tukawa watano kwa wanne, alikuwa anasimama ukingo wa kushoto. Fimbo yake ni ya mkono wa kulia, kwa hiyo pasi ikikata kutoka upande wa pili anaipiga papo hapo bila kuituliza. Mabao yake mengi yametoka pale. Sasa wamemweka mbele ya uso wa golikipa, mahali pa kuchapwa fimbo za vifundo vya mikono. Dakika 21 kwa mechi zimekuwa 14. Ungekuwa wewe usingeuliza?

Akauliza, na aliuliza inavyotakiwa. Mshauri wa familia alimpigia meneja mkuu simu mwezi Novemba, faragha, timu zikiwa na muda wa kupiga hesabu kabla dirisha la uhamisho halijafungwa mwanzoni mwa Januari. Hatukuandika popote. Ukilitangaza jambo hili bei inaanguka, kwa sababu kila mnunuzi anajua muuzaji hana budi. Jonathan Drouin wa Tampa Bay, klabu ya NHL, alipopelekwa timu ya chini Januari 2016, wakala wake alilitoa hadharani. Baadaye akakataa kucheza, klabu ikamsimamisha bila mshahara. Na hata hivyo hawakumuuza mpaka Juni 2017, walipomtaka beki Sergachev na klabu ya Montreal wakakubali kumtoa. Aliyekuwa na haraka ni Drouin. Klabu haikuwa nayo. Hilo tulilijua, ndiyo maana tukanyamaza. Sasa nani aliyevujisha? Maana wangeificha siri wasingemvua ile C mbele ya watu.

Mume wangu ananiambia hata Jack Eichel, nahodha wa Buffalo ya NHL, walimvua. Kweli, Buffalo walimvua Septemba 2021, alipofeli kipimo cha afya. Lakini Eichel alikuwa na jeraha la shingo, Shangazi. Aliumia Machi, madaktari wa klabu wakataka mifupa iunganishwe, yeye akataka diski bandia, na mkataba wa ligi na wachezaji uliipa klabu neno la mwisho. Ugomvi wao ulikuwa juu ya mwili wake. Novemba 4 wakamhamishia Vegas, siku nane baadaye akapasuliwa vile alivyotaka yeye, na Juni 2023 akabeba Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL. Mume wangu anaishia hapo kwenye kombe kama kwamba ndilo jibu. Mimi nahesabu miezi minane ya kusubiri. Eichel alikuwa na mkataba wa dola milioni 80 wa kumlinda akisubiri. Huyu wetu ana msimu mmoja.

Nataka aondoke. Sitaki acheze hata mechi moja zaidi kwa watu wanaofumua herufi kifuani mwa mtoto usiku usiku.

Lakini kuna jambo nililoliona kwenye mkataba na sikumwonyesha. Hauna kifungu cha kuzuia kuhamishwa. Dany Heatley, mchezaji wa NHL, alipoomba kuondoka klabu ya Ottawa mwaka 2009 alikuwa nacho: klabu ikakubaliana na Edmonton, yeye akasema hapana, akangoja mpaka Septemba akaenda San Jose. Kijana wangu hawezi kusema hapana. Ameomba kutoka, basi, anakokwenda si yeye anayechagua. Na kwa ligi ya vijana timu inayoweza kumnunua mchezaji wa aina yake ni ile inayoutafuta ubingwa mwaka huu huu, iliyo tayari kutoa nafasi zake za kuchagua vijana wapya, raundi ya pili na ya tatu za miaka ijayo, pamoja na mchezaji mmoja chipukizi. Timu ya namna hiyo tayari ina masenta wawili wazuri. Unaona ninapofika? Anaweza kusafirishwa mpaka Sault Ste. Marie, mji wa mbali Ontario, Kanada, akalala kwa familia asiyoijua, na bado akapangwa winga.

Nikimwambia hivi atadhani niko upande wa klabu. Siko.

Juzi meneja alinipigia simu mimi. Si mshauri, si kijana, ambaye ametimiza miaka 18 Novemba na anatia sahihi mwenyewe. Mimi. Kwa sauti ya upole kabisa: mama, hebu niambie, huyu amekusudia kweli au ni hasira za wiki moja? Ukiniambia ni hasira, nitaacha kupokea simu za timu nyingine na hatutalizungumza tena. Nikasema nitakupigia Alhamisi. Mume wangu hajui. Kijana hajui. Kesho kutwa ndiyo Alhamisi. Nikisema ni hasira, dirisha litafungwa na atadhani hakuna aliyemtaka, na hilo nalo litamuumiza. Lakini atakuwa hapa, nitamwona kila wikendi, na huenda kocha akamrudisha katikati kufikia Februari, maana senta wa pili ana goti bovu na hafiki Machi yule. Je, mama anaruhusiwa kujibu swali kama hilo? Nilijibu mengi kwa niaba yake alipokuwa na miaka tisa na hakuna aliyenilaumu.

Nilitaka kumwambia meneja, mrudishie ile C kwanza ndipo tuzungumze. Maneno yalifika mdomoni. Kisha nikawaza, akiirudisha itabidi ishonwe kwenye vitundu vile vile, na wenzake wote wameshaona kifua chake kikiwa kitupu. Hapana, hata akiirudisha aondoke tu. Au amalize msimu halafu aondoke, sijui.

Wana mechi Ijumaa, nyumbani. Kijana huniletea tiketi yangu asubuhi. Tafadhali nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa mistari miwili. Usilichapishe jina la mji.

Mama wa senta