Barua ya malalamiko: Rudisheni pesa zangu, na mwombeni radhi mwanafunzi wangu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampala.

YAH: PROGRAMU YENU YA KUGEUZA SAUTI KUWA MIDI

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti yenu ya kurudisha pesa mnayajua kuliko mimi, hivyo sitayanakili hapa. Naomba shilingi zangu 640,000 nilizolipia programu yenu, ile ya kusikiliza rekodi na kuiandika kuwa MIDI, yaani faili ya noti ambayo kompyuta inaweza kuipiga.

Tangazo lenu linasema programu inasoma "chombo chochote". Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Arua, na chombo chetu ni adungu, kinubi cha nyuzi chenye kisanduku kilichofunikwa ngozi. Nikiiwekea rekodi ya nyuzi tatu zilizopigwa pamoja, inaniandikia noti sita, saba. Uzi mnene mmoja unazaa sauti zake nyembamba za juu, kama nyuzi zote duniani, na programu inazihesabu kila moja kuwa noti. Uzi ambao sauti yake hailingani na kinanda unasukumwa kwenye nusu toni ya jirani, yaani kwenye kibonye cha kinanda kilicho karibu. Matokeo yakichezwa ni kama sufuria zimeporomoka jikoni.

Kijana wenu wa kaunta alipoisikia rekodi yetu alicheka. Akasema, "Mzee, hii ni programu ya vyombo, siyo ya ngozi na nyuzi za kuvulia samaki." Wateja wakacheka naye.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia barua pepe, mkanijibu kwamba kosa ni la MIDI yenyewe. Tafadhali. MIDI haibebi sauti, inabeba maagizo: noti namba gani kati ya 0 na 127, ipigwe kwa nguvu gani, iachwe lini. Tangu mwaka 1983 inalo pia agizo la kupinda noti ipande au ishuke kidogo, na ndilo ambalo programu yenu hailigusi. Kama tangazo lingesema uzi mmoja mmoja, ningeelewa. Nyuzi nyingi kwa pamoja ni kazi ngumu kwa programu yoyote, nakubali, lakini basi msiandike "chochote" kwenye tangazo linalowaletea pesa zetu.

Narudi kwenye kisa cha kaunta, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Yule kijana hakucheka tu. Aliigeuza kompyuta ielekee foleni, akaongeza sauti, akasema maneno yale ya nyuzi za samaki kwa Kiswahili, kisha akayarudia kwa Kiganda ili kila mtu asikie. Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama pembeni yangu, adungu begani. Tulisafiri naye kwa basi la usiku ili mafundi wenu waisikie kwa masikio yao. Ndiye aliyepiga kwenye rekodi ile. Tangu siku hiyo hajaigusa adungu. Msimamizi wenu alikuwepo, akaendelea kubofya simu yake.

Kwa hiyo 640,000 peke yake hazitoshi tena. Ongezeni nauli zetu wawili, kwenda na kurudi. Ongezeni barua ya kuomba radhi, iandikwe kwa jina la mwanafunzi, siyo langu, na isainiwe nawe mwenyewe, siyo kaunta. Na lile neno "chochote" liondolewe kwenye tangazo.

Nawapa wiki mbili. Zikipita, nitafungua shauri la madai madogo mahakamani. Kiwango chake kinafika shilingi milioni 10, na dai langu linaingia humo bila kubanwa. Rekodi ya adungu na faili iliyotolewa na programu yenu nitazipeleka zote mbili, hakimu asikilize.

Wenu,
Mwalimu wa kwaya, Arua